Bahati ya Nyumba Hukaa Wapi?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo)

Ndugu wanakisomo,

 

Mnakumbuka wiki iliyopita tulisoma habari za kilimo cha mtama. Tulipomaliza, mzee mmoja aliyekaa nyuma alinyosha mkono. Akaniuliza: "Mwalimu, sisi tunasoma mambo ya mbegu na mbolea. Lakini nyumba nayo ina mwenyewe. Mwenyewe huyo akiondoka, hata ulime vipi, huvuni. Vitabu vyenu vinasemaje?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana mzee hakuwa akitania. Nilimwomba anipe wiki moja. Basi leo nimekuja kulipa deni.

Kwanza niwaambie nilikotoka. Mimi ni mtoto wa Pwani. Nimelelewa na bibi yangu, mzaa mama. Kila Alhamisi jioni, usiku wa kuamkia Ijumaa, bibi alitia makaa kwenye chetezo. Akadondosha ubani na udi, kisha akapita chumba hata chumba, mpaka nyumba nzima ikanukia. Alisema wema hupenda harufu nzuri, na shetani haipendi. Chini ya kizingiti palikuwa na kitu kimefukiwa. Sisi watoto tulikatazwa kabisa kuchimba pale. Kitu hicho ndicho kinachoitwa fingo, na nyumba iliyofanyiwa hivyo husemwa imezindikwa.

Usiku mambo yalizidi. Hatukufagia usiku, tusije tukafagia riziki na kuitupa nje. Hatukupiga mluzi. Sindano haikuazimwa. Hata chumvi haikuitwa chumvi giza likishaingia. Ukitumwa kwa jirani ulisema, "Mama anaomba dawa ya mboga." Jirani alijua. Ukikosea ukaitaja kwa jina lake, ulirudi mikono mitupu.

Nilipohitimu chuo cha ualimu nikapangiwa kazi huku Usukumani, nilikuta mambo mengine yenye sura hiyohiyo. Wazee walinieleza kuwa zamani kila mji ulikuwa na vijumba vidogo vya nyasi uani. Hivyo vilikuwa vya mizimu ya ukoo. Wenye mji walipeleka unga na pombe, wakatambika, wakawataja babu zao kwa majina. Wazee hao wakikumbukwa, mji ulitulia. Wakisahauliwa, mtoto aliumwa au ng'ombe alitupa mimba. Siku hizi wengi wetu tunasali kanisani au msikitini, na vijumba hivyo ni vichache. Lakini fikra yenyewe bado ipo. Swali la mzee wetu ni ushahidi.

Sasa msidhani ni sisi peke yetu. Warusi wa vijijini waliamini kuwa nyumba ina babu yake, mzee mwenye manyoya mengi anayekaa karibu na jiko. Familia ikihamia nyumba mpya, mwanamke mzee wa nyumba alichukua makaa ya jiko la zamani katika chungu, akaenda nayo nyumba mpya, akimkaribisha babu huyo awafuate. Huko Uchina kuna mungu wa jiko. Picha yake hubandikwa juu ya jiko. Mwaka ukikaribia kwisha, husemwa hupanda mbinguni kutoa taarifa ya mambo yote aliyoyaona katika familia ile. Basi watu humpaka asali mdomoni, au humpa peremende za kunata. Wengine husema ni ili aseme maneno matamu. Wengine husema ni ili midomo igandane asiseme kitu! Mimi nadhani hao wa pili wana jambo la kuficha.

Mnaona? Kila mahali ni jikoni. Nasi tuna mafiga yetu matatu. Moto ukizimika pale, nyumba ni gofu.

Lakini hadithi niliyotaka hasa kuwapa inatoka Uswidi. Nchi hiyo ina uhusiano na elimu yetu. Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Uswidi, vikifuata mfano wa vyuo vyao vya watu wazima. Watu wa huko walikuwa wakulima na wafugaji kama ninyi, tena maskini, na baridi yao ni kali sana. Wao walimwamini mzee mdogo, kimo chake kama mtoto, nguo za kijivu, kofia nyekundu, ndevu nyeupe. Humwita tomte. Wanorwe humwita nisse. Mzee huyo alikaa ghalani na zizini. Usiku watu wakilala, yeye aliangalia mifugo na kuwapa farasi majani. Mshahara wake ulikuwa mmoja tu kwa mwaka: bakuli la uji usiku wa kuamkia Krismasi, na juu ya uji kipande cha siagi. Asipopewa, aliondoka na bahati ya mji wote.

Basi siku moja, hadithi inasema, msichana wa nyumba ile alitaka kumtania. Alitia siagi chini ya bakuli, kisha akamwaga uji juu yake. Usiku yule mzee akaja. Akaona uji mtupu. Hakuna siagi! Alikasirika sana. Mwaka mzima amefanya kazi, na leo anadhulumiwa! Alikwenda zizini moja kwa moja, akampiga ng'ombe bora kuliko wote, akamwua.

Kazi ya hasira ikamtia njaa. Akarudi kwenye bakuli lake. Akaanza kula uji uleule mkavu, kijiko kwa kijiko. Alipofika chini akaikuta siagi.

Jamani, alifanyaje? Alijuta. Alitoka usiku uleule katika theluji, akaenda mji wa jirani. Huko akapata ng'ombe anayefanana kabisa na yule aliyekufa. Akamvuta mpaka zizini kwa tajiri wake, akamfunga palepale. Asubuhi watu wa nyumba hawakuona tofauti.

Najua mnacheka. Lakini nimewahi kuisimulia hadithi hii kwenye darasa moja la mbali kidogo na hapa, na mama mmoja hakucheka. Aliuliza, "Na yule jirani, asubuhi aliamka akakuta nini?"

Ndugu zangu, hilo ndilo swali. Nimelibeba tangu siku ile.

Maana jirani aliamka akakuta kamba tupu. Hadithi haimtaji tena. Mji mmoja umepata bahati, mji wa pili umeibiwa. Waswidi wenyewe walijua hivyo. Mtu akiona jirani ana majani mengi ghalani kuliko yeye, alisema tomte wa kule humwibia. Nasi huku tunasemaje? Tunasema chuma ulete. Duka la fulani linajaa, langu linapungua, basi ana kitu kinachovuta fedha zangu. Mtama wa fulani umestawi, wangu umedumaa, basi amevuta rutuba yangu usiku. Kumbe maneno ni yaleyale, lugha tu ndiyo tofauti.

Hapo ndipo ninapogawa mambo haya mafungu mawili. Mzee wetu aliyeuliza asikilize vizuri.

Fungu la kwanza ni desturi zinazokufanya wewe mwenyewe ufanye jambo nyumbani kwako. Usifagie usiku. Zamani taa ilikuwa koroboi, na aliyefagia gizani alitupa nje sindano, shanga, hata senti iliyoanguka. Usipige mluzi usiku. Watoto wanalala, na mlinzi hajui kama ni mtoto au mwizi anayemwita mwenzake. Fukiza udi. Nyumba inanukia, na kabla ya kufukiza hukosi kufagia, maana nani anafukiza juu ya takataka? Mkaribishe mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Desturi hizi sizipigi vita. Nyumbani kwangu tunafukiza udi mpaka leo. Mwenzangu huniambia, "Wewe afisa mzima bado unafanya mambo ya bibi yako?" Namjibu kwamba harufu haihitaji cheti.

Fungu la pili ni zile zinazotaka mtu wa kulaumiwa. Bahati yako imepotea, basi nani ameichukua? Hapo hatuzungumzi tena juu ya mwenyewe wa nyumba. Tunazungumza juu ya jirani, au mama mkwe, au bibi mzee asiye na mtetezi. Na aliyekuambia hivyo anangoja malipo.

Nitawapa mfano ulionipata mimi. Sitataja mtu wala kijiji.

Katika darasa langu moja alikuwapo bibi, mjane, anaishi kwa mwanawe wa kiume. Alikuja kisomo akiwa hajui kushika kalamu. Alichelewa kuanza lakini hakukosa siku. Aliweza kusoma jina lake, jina la mjukuu wake, na bei za vitu dukani. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatoa machozi, kwa hiyo nilimkalisha mbele.

Mwezi wa tisa, kuku wa mji wao walianza kufa. Kwanza wawili. Kesho yake watano. Walizubaa, wakaharisha kijani, wengine shingo zikapinda. Katika wiki moja banda likabaki na kuku mmoja. Mtama wa mwaka ule nao ulikuwa haba. Mwanawe akaona hiyo si bahati mbaya ya kawaida. Akaenda kwa mtu mmoja anayepiga ramli. Yule akamwambia kwamba mzimu wa nyumba umekimbia, umefukuzwa kutoka ndani. Akataka mbuzi mweusi na fedha. Halafu akasema: "Angalia ndani ya nyumba yako. Mwenye macho mekundu ndiye."

Ninyi wa huku mnajua maneno hayo yana uzito gani. Wapo bibi wengi katika mikoa hii waliouawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Bibi yule aliambiwa na mjukuu wake alichosikia. Usiku uleule alitoka na khanga mbili, akaenda kwa binti yake, kijiji cha pili.

Na mimi mwalimu nilifanya nini? Nilifungua daftari la mahudhurio. Siku ya kwanza nikaandika hayupo. Siku ya pili hayupo. Wiki ya tatu nikaandika neno moja mbele ya jina lake: mtoro. Sikwenda kuuliza. Nilikuwa na madarasa manne na baiskeli mbovu, na hizo ndizo sababu zangu. Nazisema ili mzijue, sizisemi ili mnisamehe.

Nilikuja kujua habari hizi kwa bwana mifugo. Yeye aliitwa kijijini kwa sababu kuku walikufa miji yote, siyo mji mmoja. Hata kuku wa yule mpiga ramli walikufa! Ugonjwa ulikuwa kideri. Bwana mifugo akauliza nani alinunua kuku hivi karibuni. Yule kijana, mwana wa bibi, akasema yeye alileta jogoo kutoka mnadani, siku chache kabla ya kuku wa kwanza kufa. Jogoo mwenyewe alikuwa wa kwanza kuzubaa. Kumbe bahati mbaya iliingia mji ule mchana kweupe, imebebwa kwapani na mwenye mji.

Kideri hakina dawa kikishaingia. Lakini kina kinga. Ni tone moja la chanjo katika jicho moja la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wanachanjwa kuku wazima tu. Chanjo inatengenezwa hapahapa Tanzania. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo miji kadhaa inaweza kuchanga ikanunua pamoja, na kuchanja siku moja. Na kuku mgeni atengwe kwanza, majuma mawili angalau, asichanganywe na wengine. Linganisheni gharama hiyo na mbuzi mweusi.

Na yale macho? Bibi yule amepika maisha yake yote katika nyumba isiyo na dirisha. Huku miti ni michache, tunapikia mabua ya pamba na samadi kavu. Moshi wake mnaujua. Miaka arobaini ya moshi ule, macho yatakuwa meupe? Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu wapatao 3,200,000 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Mafiga tunayosema ndipo bahati inapokaa, hapohapo ndipo kifua cha mtoto kinapoharibika. Toboeni tundu juu ya ukuta, upande wa jiko, moshi upate njia. Kausheni kuni vizuri. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kuchochea moto. Mwaka 1973 wazazi wetu walikusanyika mbele ya redio katika kampeni ya "Mtu ni Afya". Wakitoka hapo walishika majembe, wakafyeka nyasi karibu na nyumba na kuchimba vyoo. Hawakuambiwa waache kuwakumbuka babu zao. Waliambiwa wachimbe choo, wakachimba.

Kuna jambo jingine, na hili mlisome polepole. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, na bado inatumika. Kumtaja mtu kwamba ni mchawi ni kosa kwa sheria hiyo. Mwaka 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli, baada ya ndugu zetu wenye ualbino kuuawa kwa sababu ya watu waliodanganywa kuwa kiungo cha mwenzao kitawaletea utajiri. Fikirini jambo hilo. Mtu anatafuta bahati ya nyumba yake, anakata mkono wa mtoto wa mwenzake. Ni yuleyule mzee wa Uswidi na ng'ombe wa jirani, ila hapa kilichovutwa usiku ni uhai wa mtu. Ukisikia mtu ametajwa, usingoje. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nenda kwa mtendaji, nenda polisi. Mkiwa wawili watatu ni vizuri zaidi.

Mzee wangu uliyeuliza, kama nyumba ina mwenyewe au haina, mimi sitakushindia hapa. Wewe umeishi kuniliko. Ninachoomba ni kimoja. Akikuambia mwagia unga, mwaga, unga kiganja kimoja haufilisi mtu. Akikuambia mtafute aliyekuroga, muulize kwanza kama amefika chini ya bakuli.

Sasa nimalizie habari za bibi yule. Kijana alikaa na aibu yake miezi mingi. Kwenda kumwita mama uliyemfukuza si jambo jepesi. Mwishowe alikwenda, yeye na mkewe na wazee wawili wa ukoo. Bibi alirudi baada ya mavuno. Mkewe ameniambia kuwa asubuhi ya kwanza bibi aliamka mapema kuliko wote, akafagia uwanja wote, akawasha moto. Jikoni sasa pana tundu ukutani.

Darasani alirudi siku ya Jumanne. Nilikuwa nimeliacha daftari mezani. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Hakujibu upesi. Alikuwa ameinama juu ya daftari, kidole chake kinafuata mstari wa jina lake. Alisoma jina. Akaendelea mpaka mwisho wa mstari, silabi kwa silabi, kama nilivyomfundisha.

"M-to-ro," akasema. Akaniangalia. "Mwalimu, mimi sikutoroka."

Nilichukua rula na kalamu nikalikata lile neno. Yeye akaomba kalamu. Akaandika pembeni, kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka: NILIFUKUZWA. Akaenda kukaa mahali pake pa mbele, akafungua kitabu ukurasa tulioachia.